Fundi wa Viti na Shingo ya Nyagale

Shingo hiyo inayobeba kichwa chako unaposoma hapa, ni nani aliyeishika kabla haijakaza? Usiseme hujui. Hukuzaliwa nayo ikiwa imara. Kuna mtu alikuwekea kiganja kisogoni siku baada ya siku, nawe ulikuwa mzigo wa nyama usiojua hata kusema ahsante. Leo unatembea kichwa juu kama uliyejizaa mwenyewe.

Zumana Traore wa Segu alimjua mtu wake kwa jina: Nyeleni Diara. Mama yake Zumana alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa, na nyumba nzima ikazama katika kilio bila mtu wa kukumbuka kwamba katikati ya kilio kile kulikuwa na kitoto kinachohitaji maji ya moto. Nyeleni alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Aliingia bila kuitwa, akavuta kigoda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake. Alimwogesha asubuhi na jioni mpaka alipoota meno. Hakuitwa, hakulipwa, na mtoto mwenyewe alikuwa Traore, mtani wake wa jadi. Kwa hiyo kila alipommwagia maji alimtukana kwa tusi ambalo watani wa huko hurushiana: "Nyamaza, mla kunde. Hata vita hujaanza unapiga kelele."

Segu mtoto haoshwi tu, hufinyangwa. Kwanza maji ya moto yenye majani, halafu siagi ya shea, halafu vidole gumba vinapita juu ya fuvu mpaka liwe la mviringo. Mkono huvutwa huku na mguu kule. Mtoto hushikwa vifundoni akaning'inia kichwa chini. Mwisho kabisa mwogeshaji humshika kichwa kati ya viganja viwili, gumba chini ya taya, akamnyanyua mpaka mwili wote uning'inie hewani, mara tatu, na kila mara dua yake. Nyeleni alikuwa na dua zake mwenyewe. Kua mrefu. Ona mbali. Usiinamie mtu. Asiyenyanyuliwa hivyo, watu husema, shingo yake itazama mabegani kama ya kobe. Ukikutana na Zumana utamwona ana shingo ndefu, nyembamba kama ya korongo, naye hupenda kuigonga kwa kidole na kusema, "Hii ni kazi ya Diara. Kazi nyingine nzuri waliyowahi kuifanya bado inatafutwa."

Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne. Alijifunza kushona viti vya pikipiki kwa mzee mmoja karibu na stendi, na mzee alipochoka macho akamwachia cherehani. Banda lake liko kwenye njia ya kwenda mtoni, wanakopita vijana na Jakata zao, zile pikipiki ndogo zinazojaa mji kama panzi. Kazi yake ni sponji, wembe, gundi, ngozi ya plastiki na uzi mnene. Mtaa ukamwita Fundi Makalio. Hakukasirika. Alisema kuna watu wakubwa mjini ambao hawajawahi kumfaa mtu hata kwenye makalio.

Asitan ndiye aliyembadilishia kazi bila kukusudia. Asitan ni mtaalamu wa viungo, yule anayekunja na kukunjua watoto wenye ulemavu. Alikuja bandani na pikipiki ambayo kiti chake kilikuwa kimeliwa na mbuzi. Akiwa anangoja, alibonyeza vipande vya sponji, laini na ngumu, akavigeuzageuza, kisha akauliza:

"Fundi, unaweza kunishonea kitu cha kushika shingo ya mtoto?"

"Dada yangu, mimi nashughulikia upande wa pili."

"Upande wa pili nao una mfupa na ngozi na jasho. Tofauti yake ni nini?"

Zumana alifikiri. "Upande wa pili hautabasamu," akasema, na akachukua kipimo.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Tangu hapo ameshona kola kumi na saba. Kola zinazotoka mbali ni za mtoto anayetulia. Watoto wa Asitan hawatulii: miili yao hujipinda yenyewe, kichwa hurushwa nyuma, huzunguka, mkono unaenda usikotumwa. Mtoto wa hivyo humponyoka mtengenezaji wa mbali kama samaki. Zumana alilijua hilo kwa sababu kiti cha pikipiki nacho hakikaliwi na mtu aliyetulia. Wapo waheshimiwa wenye viyoyozi ambao wamefanya mikutano kumi kuhusu watoto hawa, na haujapata kutokea mkutano ulioshika kichwa cha mtu. Kichwa hushikwa na sponji, kitambaa, na fundi anayerudi mara ya tatu kupunguza pale panapochubua.

Kola ya kumi na saba ilikuwa ya Nyagale, mjukuu wa Nyeleni.

Nyagale ni msichana wa miaka sita. Baba yake, mtoto wa mwisho wa Nyeleni, yuko migodini magharibi anakochimba dhahabu. Mama yake, Worokia, ameolewa katika nyumba hiyo ya ukuta kwa ukuta. Siku ya nne ya maisha yake Nyagale aligeuka manjano, kuanzia macho hadi nyayo, na walipomfikisha hospitali manjano yalikuwa yameshaingia kwenye ubongo. Tangu siku hiyo mwili wake haujapata raha ila usingizini. Lakini akili ni wembe. Hawezi kutamka neno, basi alijifunza kugonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko cha mti. Ilimchukua mwaka mzima kuutiisha mkono mmoja, wa kulia. Mara mbili ni maji. Mara tatu ni bibi. Akigonga bila kuhesabu, ana hasira na mtu, na mtu huyo hujijua.

Mwezi wa kumi na mbili kijiko kikaanza kumponyoka. Miguu, ambayo ukimshika makwapani ilikuwa inabeba angalau nusu ya uzito wake, ikawa inakunjika. Akaanza kulowesha mkeka, yeye aliyekuwa anagonga mapema. Asitan alipoona hivyo hakungoja kesho. Aliwapeleka, mtoto na mama yake, Bamako kwa daktari wa mifupa.

Picha zilipotoka, Asitan alikuja bandani kumweleza Zumana, maana kola ya safari hii haikuwa ya kumsaidia mtoto akae vizuri tu. Alitumia mikono yake.

"Mfupa wa kwanza wa shingo ni pete. Wa pili una kigingi kinachosimama ndani ya pete. Kigingi kimefungwa kwa kamba, mfano wa gidamu ya kandambili. Mtoto huyu amerusha kichwa miaka sita mfululizo, mchana kutwa. Gidamu imelegea. Sasa kigingi kinacheza."

"Na ndani ya pete kunapita nini kingine?"

"Uti wenyewe. Waya wote wa mwili."

Zumana hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa ameona mara nyingi shingo ya usukani wa Jakata ikilegea, na dereva asijue, mpaka siku moja anapokata kona nyaya zinabanwa na taa inazimika yenyewe.

"Operesheni?"

"Wiki ya tatu ya mwezi ujao. Wanaojua kufunga shingo za watoto namna hiyo hawajai hata mkono mmoja, na foleni ni ndefu. Mpaka siku hiyo shingo isivutwe, isipindwe, isinyanyuliwe. Anachopoteza sasa huenda kikarudi. Akipoteza chote hakirudi, fundi. Na uti ukibanwa zaidi, hata pumzi inaweza kukatika."

Basi alishona. Aliweka sponji ngumu ya kiti cha dereva nje na laini ndani. Nyuma akatia kipande cha dumu la mafuta alichokipasha moto na kukikunja kifuate kisogo. Kidevu akakitengenezea kikombe, na chini kola ikateremka kifuani na mabegani ili mzigo usibaki shingoni. Ndani hakuweka plastiki. Aliweka pamba nyeupe iliyofuliwa mara tatu. Alipokuja kuivisha, Nyeleni alikuwa amekaa mlangoni.

"Karibu, mtumwa wangu. Naona umepanda cheo. Jana makalio, leo shingo. Kesho utataka kutushonea nywele."

"Kesho nitashona kinywa cha Diara mmoja. Uzi ninao."

"Uzi wa kufunga kinywa cha Diara haujasokotwa. Haya, mwoneshe mjukuu wangu hicho kitanda chako cha shingo."

Kola ilikaa. Nyagale alirusha kichwa nyuma, kola ikakirudisha mahali pake, akashangaa, akacheka kwa sauti ile yake ya kukwaruza. Worokia alimshika Zumana mkono kwa mikono miwili, akamwombea: Mungu akuongezee siku. Mungu aipoze mikono yako. Mungu asikupe mgonjwa wako mwenyewe wa kumshonea. Zumana aliitikia amina kila mara. Alikwenda zake akiwa mwepesi. Alijiambia, deni la maji ya moto nimelipa kidogo leo.

Siku kumi baadaye, Jumatatu ya soko, Worokia alimtuma mtu bandani: njoo. Zumana alimkuta na Asitan, wote wawili wameduwaa mbele ya mkeka. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Nyagale, lakini kimefungwa kwa kitambaa, maana vidole havikukishika tena. Mfuniko ulikuwa karibu. Nyagale aliuangalia. Mkono haukwenda.

"Hali inaporomoka haraka kuliko nilivyoogopa," alisema Asitan. "Kola inashika. Nimeipima. Sielewi."

"Nipe niitazame."

Asitan alimshikilia mtoto kichwa, Zumana akaivua taratibu, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Mambo mawili aliyaona papo hapo. Mkanda wa nyuma haukuwa umefungwa kwa kishikizo chake. Ulikuwa na fundo, lile fundo la mwanamke anayefunga kanga kiunoni. Na ndani, kwenye pamba nyeupe, kulikuwa na madoa mawili ya mafuta, moja kila upande, chini ya mahali pa taya. Alinusa. Siagi ya shea. Aliweka vidole gumba vyake juu ya madoa yale. Vilikaa sawasawa.

Akamvika mtoto kola tena, akaifunga kwa kishikizo chake, ndipo Asitan akaondoka kwenda kumpigia simu daktari. Zumana akamgeukia Worokia.

"Mama mkwe wako yuko wapi?"

"Sokoni. Atarudi alasiri."

"Anaivua kila siku?"

Worokia aliangalia chini. "Alfajiri. Saa ya kuoga."

"Na anamnyanyua."

"Mara tatu." Sauti ilimtoka kama uzi. "Kaka, usinilaumu. Nilimwambia daktari amekataza. Akaniambia, huyo daktari naye aliogeshwa, mwulize shingo yake aliipata wapi. Nikampigia mume wangu. Akasema, yule ni mama yangu, mimi nitamwambiaje? Sasa mimi mke wa kuolewa ndiye nitakayemwambia? Yeye ndiye aliyemfanya mtoto huyu aishi. Watu walisema hafiki mwaka. Yeye alikesha naye. Leo nimwambie mikono yako ni sumu?"

"Asitan umemwambia?"

"Nikimwambia Asitan atamwambia mama kama daktari. Mama atanyamaza, atasema sawa, na kesho atafunga mlango."

Zumana aliikagua kola mara ya mwisho, akarudi bandani. Kulikuwa na kiti cha kijana mmoja kinangoja. Alikishona chote, akakipigilia misumari, ndipo kijana akamwuliza, "Fundi, hii pua ya kiti mbona iko nyuma?" Alikibomoa bila neno. Mawazo yalikuwa ng'ambo ya ukuta, kwa jirani. Alijiuliza, jambo hili lisemwe vipi, na lisemwe na nani? Mkwe hawezi. Mwana hawezi. Daktari atasikilizwa na kupuuzwa. Na yeye je? Mtu aliyelazwa juu ya mapaja yale siku ambayo dunia nzima ilimsahau, ana mdomo gani wa kumwambia mwenye mapaja, acha?

Lakini yeye alikuwa Traore, na Nyeleni alikuwa Diara. Mungu hakuwapa watu utani ili wacheke tu. Kwa sababu ya utani huo, Diara hawezi kumkasirikia Traore, wala Traore kumkasirikia Diara, hata amwambie nini, hata msibani. Wazee waliacha mlango huo mmoja wazi katika nyumba ambayo milango mingine yote imefungwa kwa heshima. Ni upuuzi kuutumia kila siku kurushiana kunde, halafu siku ya moto ukaruka dirisha.

Alasiri alimkuta Nyeleni uani. Ungo ulikuwa mapajani, na ndani ya ungo, kwa bahati ambayo hakuna mtani angeiomba zaidi, kulikuwa na kunde.

"Nimekukamata na kidhibiti," alisema Zumana.

"Kidhibiti chako mwenyewe. Nawachambulia akina Traore. Meno yenu hayajui kutofautisha kunde na jiwe."

Hakuchukua kigoda. Alikaa chini, mbele ya miguu yake. Nyeleni akamtupia jicho.

"Mbona unakaa kama mtu anayeposa? Mimi nimeshazeeka, nenda kwa wengine."

"Nimekuja kukushtaki."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Basi kesi umeshashindwa. Nimekosa nini?"

"Umeharibu kazi yangu. Nimeshona siku nne, wewe unakuja na vidole vya kunde unaifumua kila alfajiri. Hata kufunga hujui. Fundo la kanga! Mtoto ni mzigo wa kuni?"

Nyeleni alicheka, mabega yakatikisika. "Kumbe Worokia ana ulimi. Nilidhani amezaliwa bila."

"Worokia hakusema. Gumba zako zimesema. Umeniachia siagi ndani ya kola, mwizi wa kizamani wewe."

"Kola ni ya mchana, mtumwa wangu. Maji ni yangu. Hukunishonea maji."

"Na kumnyanyua?"

"Nilikunyanyua wewe. Ulikufa?"

"Sikufa. Nikawa na shingo ya korongo, wasichana wakanikimbia."

Nyeleni alicheka tena, na Zumana akakiacha kicheko chake mpaka kikaisha chenyewe. Kisha akavua kandambili yake ya mguu wa kulia, akaiweka ndani ya ungo, juu ya kunde. Gidamu yake ilikuwa imekatika nusu pale kati ya vidole. Ilishikwa na uzi mwembamba wa plastiki.

"Toa uchafu wako kwenye chakula!"

"Itazame kwanza. Hii nimetoka nayo bandani. Nikitembea polepole nitafika nayo nyumbani, kesho nitaishona. Shingo yangu mimi ulipoinyanyua ilikuwa kandambili mpya. Ya Nyagale ndiyo hii. Bamako wameiona kwenye picha. Wataishona wiki ya tatu. Wanachoomba ni ifike." Akaisogeza kandambili karibu na vidole vyake. "Haya, mla kunde. Vuta."

Nyeleni aliishika kandambili. Kidole gumba chake, kipana, chenye ngozi iliyong'arishwa na mafuta ya miaka arobaini, kilipita juu ya ule uzi mwembamba. Hakuvuta. Aliishusha chini, karibu na mguu wa Zumana, taratibu kama anayeshusha yai.

"Utani umeisha," alisema. "Sasa nijibu kama mtoto niliyemwogesha. Ni mimi niliyeikata?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Zumana, mtamu na mwepesi. Aliumeza.

"Daktari anasema ni mwili wenyewe, kwa kurusha kichwa miaka sita. Mtoto wa hivyo hata asiponyanyuliwa na mtu, gidamu hulegea. Hayo ndiyo niliyoambiwa, na mimi nayaamini. Lakini siku hizi kumi, Mama Nyeleni... siku hizi kumi sijui. Na kuanzia leo, ikikatika, ni sisi. Mimi niliyejua nikanyamaza, na wewe uliyejua ukavuta."

Kuku alipita kati yao akidonoa kunde iliyoanguka. Hakuna aliyemfukuza.

"Nina jambo moja jingine," alisema Zumana. "Maji siwezi kuyashonea. Sponji ikilowa inalegea, kola nzima inakuwa matambara. Saa ya kuoga mtoto hana kitu kinachomshika. Asitan anasema alale chini, na mtu amshike kichwa kutoka nyuma, viganja masikioni, mikono kando ya mabega, kisitikisike hata maji yakimwingia puani. Worokia hawezi; mikono inamtetemeka. Mimi mwanamume siwezi. Mji huu sijui mikono mingine ila yako."

Nyeleni alivuta ungo, akaanza tena kuchambua, jiwe huku, kunde huku. Zumana alingoja tusi. Angefurahi kwa tusi lolote.

"Nenda nyumbani, Zumana," alisema.

Alisimama, akaondoka amebeba kandambili mkononi, mguu mmoja peku. Katika miaka yake arobaini na moja, tangu siku ya tatu ya kuzaliwa, hakuwahi kusikia jina lake likitoka kinywani mwa Nyeleni. Alikuwa mla kunde, mtumwa wangu, korongo. Jina lilimchoma kuliko tusi. Alihisi kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ambayo hakujua anaishi ndani yake.

Asubuhi iliyofuata alisali, akajifunika shuka kwa sababu ya baridi na vumbi la upepo wa jangwa, akaenda kwa jirani huku akijiambia anakwenda kuangalia kola tu. Hakubisha hodi. Alisimama kwenye kivuli cha chumba cha kupitia, pale ambapo mtu anaona ua kabla ua haujamwona.

Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye sufuria ya maji. Kigoda kilikuwepo, kitupu, na kola ilikuwa imetundikwa ukutani karibu na mlango. Nyagale alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mwili umenyooshwa, na Nyeleni amepiga magoti nyuma ya kichwa chake, viganja masikioni, mikono imeambaa na mabega ya mtoto. Aliyeogesha alikuwa Worokia. Kwa mara ya kwanza tangu amzae Nyagale, sabuni ilikuwa mkononi mwake.

"Taratibu. Kwapani. Siyo hivyo, unapangusa sufuria? Kwa kiganja."

"Ndiyo, mama."

"Maji yasifike huku. Haya, mguu. Usiuvute! Uache unapotaka kukaa."

Mwili wa Nyagale ulijipinda kama kawaida yake, kiuno kikapanda, mguu ukarusha kopo. Kichwa hakikuondoka kati ya viganja vile. Maji yalipokwisha, Worokia alikausha, akapaka siagi, akarudi nyuma. Nyagale alijua saa hiyo. Macho yake yaliinuka yakamtafuta bibi, mdomo ukafunguka ukingoja kupaa. Zumana aliona gumba za Nyeleni zikitambaa polepole kuelekea chini ya taya, mahali pake pa miaka arobaini.

Gumba zilisimama.

Nyeleni alivuta hewa. Kisha, bila kuondoa mikono, akainama yeye. Mgongo wa mwanamke yule, ambao Segu haijawahi kuuona umepinda mbele ya mtu, ulishuka kidogo kidogo mpaka paji lake likagusa paji la mtoto.

"Kua mrefu," alisema.

Akapumzika, akagusa tena.

"Ona mbali."

Nyagale alianza kucheka, ile sauti ya kukwaruza, kwa mchezo huu mpya. Nyeleni aligusa mara ya tatu, akakaa hapo, machozi yakidondoka kwenye nywele za mjukuu wake.

"Usiinamie mtu," alisema, naye ameinama.

Worokia aligeuka akajifanya anatafuta taulo. Na Nyeleni, bado ameinama, bado viganja haviyumbi, akapaza sauti kuelekea mlangoni:

"Na wewe mla kunde uliyejibanza hapo kama mwizi wa kuku, unangoja uimbiwe? Leta hicho kitanda chako. Mtoto anapigwa na baridi."

Zumana aliinyakua kola, akawakimbilia.